Jibu: Mchepuko sanifu hubadilika lini?

Mkuu, umeuliza wastani, mediani (alama ya katikati) na mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani) hubadilikaje ukimwongezea kila mwanafunzi alama 5, kisha akija wa sita mwenye 60. Alama za wanafunzi wako watano ni 40, 50, 60, 70, 80. Wastani 60, mediani 60. Miraba ya tofauti kati ya kila alama na wastani inajumlika 1000. Gawa kwa 5, toa kipeuo cha pili: mchepuko sanifu 14.1.

Kumwongezea kila mtu alama 5 kunasogeza wastani na mediani hadi 65. Mchepuko haubadiliki, maana umbali wa kila alama na wastani ni uleule.

Mtego ni swali lako la mwisho, mwanafunzi wa sita mwenye 60. Wengi hujibu haraka kwamba hakuna kinachobadilika. Wastani na mediani kweli vinabaki, ila ile 1000 sasa inagawanywa kwa 6, hivyo mchepuko unashuka hadi 12.9. Hapo huhitaji hata kikokotoo: anayeongezwa katikati hupunguza mtawanyiko.