Ukiandikiwa mionzi ya saratani: panga wiki zote kabla ya siku ya kwanza

Mgonjwa wa Siaya au Busia akiandikiwa mionzi, jambo la kwanza analouliza ni kama inauma. Haiumi. La kuuliza kwanza ni hili: nitalala wapi wiki tano, sita, pengine saba? Mashine ziko Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, na Nakuru, katika hospitali ya rufaa ya kaunti. Mionzi hutolewa kidogo kidogo, kipindi kimoja kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku huwamaliza watu kufikia wiki ya pili, na hapo ndipo siku huanza kurukwa.

Siku zikirukwa, tiba inaharibika. Dozi ndogo ya kila siku huvipa viungo vizima nafasi ya kujirekebisha, ilhali chembe za saratani hujirekebisha vibaya. Lakini tiba ikirefuka, zile zilizobaki huanza kuzaana tena. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, mionzi ya nje inayotoka kwenye mashine (mara nyingi vipindi 25) pamoja na ile ya ndani, ambayo chanzo chake huingizwa mwilini karibu na uvimbe, inafaa imalizike ndani ya wiki nane. Saratani ya titi mara nyingi huchukua vipindi 15, ya koo hufika 35. Maumivu ya mfupa yanaweza kutulizwa kwa kipindi kimoja tu, kwa hiyo usishangae jirani yako wa benchi akipigwa mara moja na kwenda zake.

Basi kabla ya chochote, hakikisha malipo yako ya SHA, bima ya afya ya serikali, hayajakatika na idhini imetoka. Uliza pia kiasi kilichobaki kwenye kikomo cha kaya cha mwaka huo, maana kemo (dawa za kuua saratani) na vipimo vinaweza kuwa vimekila.

Siku ya kupangia hutibiwi. Unalazwa kwenye CT, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, kwa mkao ule ule utakaolala kila siku, kisha unachorwa alama za wino au unatiwa nukta ndogo za chale. Usizisugue bafuni, na zikififia usijichoree mwenyewe kwa kalamu.

Wa kichwa na shingo hutengenezewa barakoa: bamba la plastiki lenye matundu hulainishwa kwenye maji ya moto, huvutwa juu ya uso likiwa na joto na unyevu, kisha hugandia hapo kwa dakika chache. Fumua rasta na utoe wigi kabla ya siku hiyo, wenye ndevu wanyoe. Ukisuka baadaye, barakoa haitaingia sawa. Ukikonda sana italegea, na kazi ya kupanga huenda ikaanza upya. Meno mabovu ya mgonjwa wa aina hii yang'olewe mapema, kidonda kipone kwanza, kwa sababu mfupa wa taya uliopigwa mionzi hupona kwa shida, na wakati mwingine hauponi kabisa.

Baada ya hapo kuna kungoja siku kadhaa, hata wiki mbili, daktari na mwanafizikia wakipiga hesabu. Hujasahauliwa.

Kipindi chenyewe ni kama dakika 10 hadi 20, nyingi zikiwa za kukulaza sawa. Wahudumu hutoka chumbani lakini wanakuona kwa kamera na kukusikia; ukishikwa na kikohozi, inua mkono. Mionzi hii ya nje haibaki mwilini, kwa hiyo mbebe mtoto wako bila wasiwasi. Wa nyonga huambiwa waje kibofu kikiwa kimejaa, ili matumbo yasukumwe mbali na mionzi. Kwa kawaida unakojoa, unakunywa kama nusu lita, unangoja nusu saa au zaidi. Foleni ikiwa imekwama, usinywe hadi mhudumu akuambie, la sivyo utateseka bure.

Madhara huanza wiki ya pili au ya tatu na hukolea wiki moja hivi baada ya kipindi cha mwisho, wakati tayari uko nyumbani. Ngozi yetu haionyeshi wekundu waziwazi. Huwa nyeusi zaidi, huwasha, huchubuka kwenye mikunjo, kwa hiyo usingoje daktari aione, mwambie. Oga kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusisha taulo tu. Kukanda kwa maji moto, kupaka dawa za miti shamba au balmu mahali hapo ni marufuku.

Saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni nyingi upande wetu, na hapa kumeza ndiko kunakouma. Uji wa maziwa wenye siagi ya karanga, mayai, parachichi, chai ipoe. Pilipili na chang'aa ziachwe. Omba dawa ya maumivu ya kunywa kabla ya chakula. Ukipungua kilo mbili kwa wiki, sema siku hiyo hiyo, mrija wa chakula uwekwe mapema kuliko tiba kusimamishwa. Tumbo likiharisha, punguza sukuma wiki, maharagwe na maziwa kwa muda, na unywe ORS. Anayepata kemo pamoja na mionzi, joto likifika 38, aende hospitali usiku huo huo.

Mashine huharibika, na umeme nao hukatika. Usirudi kijijini ukangoje kuitwa. Kaa karibu, simu iwe na chaji, na uulize siku zilizopotea zitafidiwa vipi: Jumamosi, au vipindi viwili kwa siku vyenye nafasi ya angalau saa sita.

Mwanamke ambaye bado anataka watoto aulize kabla ya mionzi ya nyonga, si baadaye, kwa kuwa mayai huathirika na hedhi yaweza kukoma. Aulize pia kuhusu kifaa cha kuzuia uke usibane.

Ukimaliza, usikimbilie skani wiki ya pili. Mionzi huendelea kufanya kazi, na uvimbe uliojeruhiwa huonekana kwenye picha kama ungali hai. Kwa saratani nyingi picha ya maana hupigwa kama miezi mitatu baadaye.