Mnara wa TDD ukikosa GPS

Ndugu uliyeuliza kama SyncE (Etheneti inayosawazisha saa) peke yake inatosha kwa mnara wa simu wa 4G wa TDD (unaorusha na kupokea kwa zamu) ambao GPS yake, inayoupa saa, imekufa: haitoshi. SyncE hupitisha mapigo ya saa kwenye laini ya Etheneti, kwa hiyo inakupa masafa tu, yaani kasi ya mapigo, si wakati wenyewe. Mnara wa FDD (unaorusha na kupokea kwa masafa mawili tofauti) utaridhika, maana wenyewe unadai masafa yasipotoke zaidi ya sehemu 50 kwa bilioni. TDD inataka na wakati kamili, ndani ya mikrosekunde 1.5, ukipita hapo, mnara unarusha huku jirani yake anasikiliza. Washa PTP, itifaki ya kupitisha wakati kamili mtandaoni, na swichi zote za njiani ziwe zinaielewa. Halafu kagua faiba, watu wengi hulisahau hili: ya kwenda ikizidi ya kurudi kwa mita 200, saa inapotoka karibu nusu mikrosekunde, na PTP yenyewe hailioni kosa hilo, maana inachukulia njia zote mbili ni sawa.