Mpangaji wa duka hajalipa kodi: je, nimfungie kwa kufuli?

SWALI: Nina duka Kisauni, Mombasa, nililompangisha fundi cherehani miaka mitatu iliyopita kwa maneno tu. Sasa nadai kodi ya miezi minne, na binti yangu anataka kufungua saluni hapo. Je, naweza kumpa siku saba, kisha nitie kufuli?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usitie kufuli. Upangaji wa duka usio na maandishi unalindwa na Sura 301 ya sheria za Kenya, inayohusu wenye majengo na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, sawa na ule ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano. Ukimfungia nje, atakwenda katika Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara, linaloamua migogoro ya namna hii, kuomba amri ya kufunguliwa, nawe uliyekuja kudai haki yako utajikuta ndiye unayejitetea.

Badala ya kufuli, mpe notisi ya kukomesha upangaji; nayo haiwezi kuanza kutumika kabla ya miezi miwili kupita tangu aipokee. Sharti iandikwe kwenye fomu iliyowekwa na kanuni, itaje sababu, na imtake mpangaji akujulishe kwa maandishi, ndani ya mwezi mmoja, kama anakubali au anakataa. Hapa ndipo wengi wanapoanguka: barua iliyoandikwa kwa hasira hutupiliwa mbali, na mwenye jengo huanza upya huku deni likizidi.

Pima vizuri sababu utakayoiandika. Kodi iliyokaa miezi miwili bila kulipwa ni sababu tosha kisheria. Saluni ya binti yako haikusaidii, kwa kuwa sheria inamtaja mwenye jengo anayekusudia kulitumia yeye mwenyewe, kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Basi simama kwenye deni, ukilithibitisha mwezi kwa mwezi kwa risiti na taarifa za M-Pesa.

Asipopeleka shauri barazani kabla ya notisi kutimia, upangaji unakoma. Akipeleka, hana budi kuachwa dukani hadi uamuzi utolewe. Usimtume dalali kukamata cherehani zake kabla ya Baraza kukuruhusu. Mkielewana aondoke kwa kusamehewa sehemu ya deni, jambo ambalo mara nyingi ni nafuu kwa nyote wawili, andikianeni.

Ipeleke notisi ukiwa na shahidi, na umwombe fundi atie saini na tarehe kwenye nakala yako, kwani miezi miwili itahesabiwa kuanzia siku hiyo.