Bia ya nyumbani kwa zawadi za Krismasi: usikimbilie chupa

Ndugu, umeuliza kama bia yako nyeusi, lita 20, iliyochachuka wiki moja, inaweza kuingia chupani leo ili uigawe Krismasi. Subiri kwanza. Pima kwa haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki kwenye bia, siku tatu mfululizo. Namba isiposhuka tena, hamira imemaliza kazi. Ukiharakisha, gesi inaweza kupasua chupa. Mimi zilinipasukia sita chini ya kitanda, na mke wangu hajasahau hadi leo.

Kisha, ili bia ipate gesi chupani, chemsha sukari gramu 120 kwa maji kidogo, ipoe, uichanganye na bia yote taratibu bila kuingiza hewa. Tumia chupa za bia za kahawia, safi kabisa, zenye vizibo vya bati. Chupa za konyagi au mvinyo wa kawaida hazihimili gesi. Acha nafasi ya sentimita tatu juu. Ziweke gizani wiki tatu, kwenye joto la chumba, ndipo uonje moja.

Bia nyeusi kali huzidi kulainika kwa miezi. Nyepesi yenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) hupoteza harufu, inywewe mapema.

Bandika karatasi yenye tarehe na maelezo: mimina polepole, mashapo yabaki chini. Shemeji yangu aliitikisa kama soda.