Malengelenge ya sehemu za siri yanaweza kutoka mdomoni

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26 na niliolewa mwaka jana. Mume wangu hutokwa na vidonda vya homa mdomoni tangu alipokuwa shule ya msingi. Siku chache baada ya kuninyonya sehemu za siri, nilishikwa na homa, nikavimba tezi za kinenani, kisha yakatokea malengelenge yanayoniuma hata ninapokojoa. Muuguzi aliniambia ni ugonjwa wa zinaa. Sijatoka nje ya ndoa, naye anaapa hajatoka. Je, mtu huambukizwa kwa mdomo, au nadanganywa? Nimekwisha kufungasha nguo nirudi kwa wazazi. Mwenye wasiwasi, Morogoro.*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa maumivu. Usiondoke kwanza, kwa sababu unayoyaeleza yanawezekana kabisa bila mume wako kuwa na mwanamke mwingine.

Vidonda vinavyomtoka mdomoni kwa kawaida husababishwa na virusi vya hepesi aina ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanavyo, na wengi wao walivipata utotoni kwa mate au kwa kubusiwa na jamaa zao. Vikishaingia mwilini havitoki: hujificha kwenye mishipa ya fahamu na kuamka mtu anapougua, anapochoka au anapopigwa na jua kali. Mdomo wenye virusi hivyo ukigusa sehemu za siri za mtu ambaye hajawahi kuvipata, vinaweza kuingia huko, na malengelenge hutokea baada ya siku 2 hadi 12. Homa na tezi kuvimba, kama ilivyokutokea, huonekana zaidi kwa anayekutana navyo mara ya kwanza.

Hatari huwa kubwa kidonda kikiwa wazi, au mdomo unapoanza kuwasha na kuchonyota kabla hakijatokeza. Hata hivyo, virusi hutoka pia kwenye ngozi isiyo na alama yoyote, kwa hiyo angeweza kukuambukiza bila kujua. Simlaumu, maana ni wachache mno walioelezwa kwamba kidonda kidogo cha mdomoni kinaweza kuhamia huko.

Lakini sitaki kukutuliza kwa nusu ya ukweli. Katika nchi zetu watu wengi hupata aina ya kwanza wakiwa watoto, na jambo hilo huwakinga kwa kiasi kikubwa wasiipate tena sehemu za siri, ndiyo maana malengelenge ya huko mara nyingi hutokana na aina ya pili, inayoambukizwa hasa kwa kujamiiana. Hata ikionekana kwamba yako ni ya aina ya pili, hutakuwa umepata ushahidi wa usaliti, kwa kuwa mtu huweza kukaa nayo miaka mingi bila dalili, na mmoja wenu angeweza kuingia nayo katika ndoa bila kujua. Hakuna kipimo kitakachokuambia nani alianza. Ikiwa una sababu nyingine za kumshuku, zizungumzeni kwa namna yake, lakini usiyafanye malengelenge kuwa shahidi.

Rudi kituo cha afya mapema, kabla malengelenge hayajakauka, uombe majimaji yake yapimwe ili aina ijulikane. Kipimo cha damu hakionyeshi virusi viko sehemu gani ya mwili, na katika wiki za mwanzo kinaweza kutoonyesha kitu. Kipimo cha majimaji kikikosekana, matibabu yasisubiri: vidonge vya asaiklovia, ambavyo kwa mara ya kwanza hutumiwa kwa siku 7 hadi 10, haviviondoi virusi, lakini hufupisha ugonjwa na maumivu, hasa vikianzwa mapema. Pimeni pia VVU na kaswende, nyote wawili. Wakati wa kukojoa jimwagie maji ili mkojo usiunguze, na unawe mikono kila ukigusa vidonda, usije ukavipeleka machoni.

Ikithibitika ni aina ya kwanza, hurudi mara chache kuliko ya pili, na mume wako, ambaye tayari anayo, si rahisi aipate kwako upya. Msikutane kimwili mpaka upone kabisa, na siku zijazo, akihisi mdomo unawasha au ana kidonda, asikubusu wala asikunyonye. Kondomu hupunguza hatari bila kuimaliza, kwani haifuniki ngozi yote.

Ukishika mimba, mweleze mkunga tangu hudhurio la kwanza. Hatari kubwa kwa mtoto ni pale mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa ujauzito, nawe hutakuwa katika hali hiyo ikiwa ni virusi hivi hivi ulivyo navyo sasa. Lakini vidonda vikitokea uchungu unapoanza, sema mara moja, kwa sababu huenda daktari akaamua ujifungue kwa upasuaji.