Kalamu Mwachie Mtoto

Wiki iliyopita baba mmoja wa Morogoro aliniandikia. Ana kijana wa miaka mitano, wamejaribu kuandika hali ya hewa kila siku, na siku ya nne mtoto akagoma. Nikamuuliza: kalamu anashika nani? Akanijibu anashika yeye, maana mwandiko wa mtoto hausomeki. Basi tatizo liko hapo hapo.

Sisi tulianza kwa sababu ya woga. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja pwani yetu, redio haikuzimwa nyumbani. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari, boti za Unguja zikasimama, na tarehe 4 kikaingia nchi kavu Mafia kikiwa kimeshaanza kuishiwa nguvu. Hapa Kigamboni tulipata mvua na upepo, nyumba ikasalimika. Lakini binti yangu, wakati huo ana miaka minne, hakusalimika. Miezi ikapita, na bado bati likilia kidogo tu usiku anakuja kitandani kwangu: "Mama, Hidaya amerudi?" Nami namjibu, hakuna kitu, lala. Nilimjibu hivyo usiku baada ya usiku. Mpaka leo naona uchungu nikikumbuka, kwa sababu kitu kilikuwepo, na yeye alikuwa anakisikia.

Aliyetutoa hapo ni babu yake, mvuvi wa miaka mingi. Hakumbembeleza. Alimkalisha barazani akamuuliza, "Mjukuu wangu, upepo huu kwao wapi?" Mtoto akanyoosha kidole kule mnazi ulikoinamia. Babu akamgeuza mabega: kule ndiko unakokwenda, kwao ni nyuma yako. Akamwelezea kaskazi inayokuja na joto la Desemba hadi Machi, na kusi inayoanza masika ikiwa bado inanyesha ikavuma mpaka Septemba, na kati yao tanga mbili, siku ambazo hata nahodha hajui aelekee wapi. Kesho yake asubuhi mtoto aliamka akauliza upepo wa leo kwao wapi. Nikanunua daftari.

Tulifunga kipande cha khanga kwenye mti wa kuanikia nguo, tukawa tunaangalia. Mvua ndiyo iliyonishinda mimi. Nilitega bakuli la plastiki, mdomo mpana, kitako chembamba, na asubuhi moja ya Aprili rula ikasoma milimita 90. Nikampigia dada yangu simu kumtambia. Kumbe bakuli la namna hiyo hukusanya maji kwa upana wa mdomo na kuyarundika kwenye kitako, kina kinakuwa cha uongo. Kinachotakiwa ni chombo kilichosimama wima toka chini hadi juu. Sisi tunatumia kopo la maziwa ya unga, liko uwanjani, mbali na mti na mchirizi wa bati. Na rula za shule zina kipande kitupu kabla ya sifuri. Kikate, usije ukapunjwa milimita tano kila siku.

Saa ya kupima iwe moja. Vituo vya hali ya hewa hupima saa 3 asubuhi. Sisi tunapima saa 12 na nusu kabla ya shule. Chagua yako, isihame.

Juni na Julai nayaruka, ilikuwa jua na kusi, jua na kusi. Vuli ndiyo iliyotufurahisha. Milimita 10 zikinyesha juu ya bati la mita 4 kwa 5 ni lita 200, pipa zima, ukiacha yanayomwagika njiani. Siku kopo liliposoma 12 binti yangu alikimbia nyuma ya nyumba kwenye pipa letu akalikuta limejaa hadi ukingoni. Alilizunguka akiligonga kwa kiganja. "Mama, kopo limesema kweli!" Sijawahi kumwona na uso ule tangu azaliwe.

Mwalimu mmoja aliniambia mbele ya wazazi wenzangu kwamba namchosha mtoto, nimfundishe herufi kwanza. Nilinyamaza. Nilirudi nyumbani nikalia. Lakini M aliijua kwa mvua, J kwa jua, W kwa wingu, wala hakuna aliyemchapa ili azijue.

Ndugu zangu wazazi, tuache kuwaambia watoto hakuna kitu. Mtoto akisema kuna radi, kaa naye ndani mkaisikilize, hesabuni pamoja kutoka mmweko hadi ngurumo, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Usimwandikie. Usimsahihishie mbele ya wageni. Asubuhi ukiwa umechoka, toka hivyo hivyo, dakika mbili tu. Na kalamu, narudia, mwachie yeye.

Yule baba wa Morogoro alinitumia picha jana. Mstari mmoja wa penseli, mvua kwa vitone, na pembeni jua lenye miguu. Nami nikampigia picha ukurasa wetu wa juzi, ule wa usiku bati lilipolia na hakuna aliyekuja kitandani kwangu. Ameandika KUSI, S ikiangalia nyuma. Sijaifuta.