Rudisha bakuli la maji: nilivyomlea paka mwenye ugonjwa wa figo, Tanga

Dada uliyeuliza kutoka Bagamoyo, pole sana. Umesema paka wako ana miaka 13, amekonda, anakunywa maji mpaka anainamia ndoo ya kuogea, analowesha mkeka, na jirani amekushauri uwe unamfichia bakuli usiku ili mkojo upungue. Naanza na hilo la bakuli kwa sababu ndilo linaloweza kumuua wiki hii hii. Lirudishe sasa, kabla hujamaliza kusoma.

Hakojoi sana kwa sababu anakunywa. Anakunywa kwa sababu anakojoa. Figo zikichoka haziwezi tena kuyabakiza maji mwilini. Mkojo unatoka mwingi, mweupe, hata ile harufu kali ya mkojo wa paka hauna tena, naye mnyama wa watu anakimbizana na kiu asikauke. Ukimnyima maji, anakauka, na uchafu ambao figo zilikuwa ziutoe unazidi kurundikana kwenye damu.

Haya nimeyajulia kwa Nyange, paka wetu mweupe aliyezaliwa stoo nyumbani Makorora. Alipofika miaka 14 nikampapasa mgongo, mifupa inahesabika. Nikasema uzee. Akaanza kutapika povu alfajiri, nikasema kala mjusi. Mpaka pumzi yake ikawa inanuka kama mkojo ndipo nikambeba. Nilichelewa, na inaniuma mpaka leo, ingawa daktari aliniambia figo ndivyo zilivyo: dalili huja wakati kiasi cha theluthi mbili ya uwezo wake kimeshapotea, na kilichopotea hakirudi.

Huku kwetu ni mkoa wa ng'ombe wa maziwa, kwa hiyo usishangae daktari wa mifugo akifika na mabuti ya zizini. Wangu alikuwa hivyo, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea. Alitoa damu mguu wa mbele, ikapimwa, kreatinini, yaani uchafu wa damu ambao figo ndizo huutoa, ikasoma 3.4 (kwa kipimo cha mg/dL). Ugonjwa huu hupangwa kwa hatua 4, na kuanzia 2.9 hadi 5.0 ni hatua ya tatu. Usiruke kipimo hata kama dalili zako zinafanana na zangu, maana kisukari na ugonjwa wa tezi ya shingo navyo humfanya paka mzee anywe na kukonda, na dawa zake ni nyingine kabisa.

Sasa kulea kwenyewe. Kwanza maji kila mahali. Nyange aliligomea bakuli la plastiki, akawa anataka ya mtungini tu, basi nikaweka vibakuli vya udongo vitatu: jikoni, ukumbini na chini ya kitanda changu. Chakula nikakilainisha kwa supu ya samaki isiyo chumvi wala kitunguu. Kitunguu ni sumu kwa paka, kibichi au kilichopikwa.

Miezi sita baadaye kunywa hakukutosha. Daktari akanifundisha kumwekea dripu ya maji iitwayo Ringer chini ya ngozi, mililita 100, kila baada ya siku moja, kiasi alichopanga yeye kwa uzito wa kilo 3 na nusu. Mara ya kwanza mikono ilinitetemeka mpaka mamangu akanishikia chupa. Unaikalisha chupa kwenye maji ya vuguvugu kwanza, maana ya baridi yanamshtua. Unainua ngozi ya katikati ya mabega kama hema, sindano inaingia pale chini ya mkunjo, na maji yanajikusanya nundu ambayo huteremka taratibu mpaka kwapani. Nundu hiyo itakutisha. Kufika kesho yake imekwisha. Usinunue dripu yoyote utakayopewa, ile ya sukari haiwekwi chini ya ngozi. Baada ya dripu alikuwa anarudi kujilamba manyoya, na kwa paka hiyo ni habari njema kuliko kipimo.

Chakula ndicho kilichonishinda zaidi. Kipo chakula maalumu cha figo chenye fosforasi kidogo, nilikiagiza Dar kikaja na basi, bei yake nzito, naye akakinusa akaondoka. Nilimkazania siku nzima nikidhani njaa itamlainisha. Kosa kubwa. Paka akikaa siku mbili tatu bila kula, ini nalo linaharibika. Kwa hiyo ninachokwambia ni hiki: ale kwanza, chakula bora kifuate. Tulimwondolea dagaa wakavu na ng'onda, kwa chumvi yake na mifupa yenye fosforasi nyingi, tukampa minofu ya changu au kuku na ute mweupe wa yai uliopikwa, huku tukichanganya kile cha figo kijiko kimoja kimoja. Ilichukua wiki tano. Ila usimgeuze mla ugali. Paka hawezi kuishi bila nyama.

Kuhusu mkeka, nakuelewa. Mama yangu anaswali hapo, na mate ya paka si najisi lakini mkojo ni najisi. Tukakunja mikeka yote, tukaweka beseni fupi la mchanga kila chumba, kwa sababu paka mzee huwa hawahi. Hatukumgombeza hata siku moja.

Usimpe panadoli hata robo, inaua paka. Diklofenaki na brufeni nazo zinamalizia figo zilizobaki. Na siku ukimwona anagonga kuta au mboni zimepanuka mchana, mkimbize, presha imepanda na inaweza kumpofua.

Tulikwenda hivyo miezi 16. Kusi ilipoanza akaacha kula, nikimshika kwa sindano anageuza uso ukutani. Daktari alisema anaweza kumlaza kwa dawa asiamke tena, apumzike na mateso. Mama hakutaka, mimi nilitaka, na nilikuwa sahihi, kwa sababu siku zile mbili za mwisho Nyange aliteseka bure. Tumemzika chini ya mwarobaini.

Wako hajafika huko. Kesho asubuhi mjazie maji kwa kupima, mfungie ndani siku nzima, kesho kutwa pima yaliyobaki. Paka wa kilo 4 akipitisha robo lita kwa siku, usisubiri Jumatatu. Kinga na mkojo wake kidogo kwenye kichupa safi, umpelekee daktari pamoja naye. Halafu niambie hapa anapenda samaki gani, na kama unaye mtu wa kukushikia chupa.